Ghorofa Zinapopanda Ng'ambo: Wakazi wa Zanzibar Mjini Wanahofia Nini Hasa?

Zanzibar mjini si mji mkubwa. Mtu akitoka Forodhani kwa miguu asubuhi, akapita Darajani na Michenzani, anafika Kwahani kabla jua halijawa kali. Katika masafa hayo mafupi atakuwa amepita Mji Mkongwe, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Atakuwa amepita pia majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Na mitaa ya nyumba za chini za Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, ambayo sasa inavunjwa kipande kwa kipande kupisha ghorofa nyingine. Akipanda gari ya abiria kuelekea kusini, akaupita uwanja wa ndege, ataukuta mji mwingine kabisa ukichomoza Nyamanzi na Fumba, nyumba zake zikinadiwa kwa dola.

Manung'uniko ya wakazi juu ya majumba haya husikika kila pahala, barazani na kwenye gari, lakini hujibiwa kama vile wote wamesema jambo moja: hawapendi maendeleo, wamezoea mabati yao. Jibu hilo limekosea mlango. Ghorofa si kitu kigeni Zanzibar. Mji Mkongwe ni wa ghorofa tangu karne ya 19, na Michenzani wamezaliwa wajukuu na vitukuu. Msikilize mkazi hadi mwisho utagundua kwamba urefu wa jengo haumsumbui. Anauliza fleti itaandikwa kwa jina la nani, maji yatafikaje huko juu na kwa gharama ya nani, na yule aliyepanga chumba cha mbele kwa miaka mingi atakwenda wapi.

Tuanze na hoja ya wanaojenga, kwa sababu ni ya kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 ikakuta 893,169. Karibu laki tatu wameongezeka ndani ya miaka 10, na mkoa huu mdogo sasa unabeba karibu nusu ya Wazanzibari wote, ambao sensa hiyo iliwahesabu 1,889,773. Wengi wa hao laki tatu hawakukaa katikati ya mji. Walikwenda Fuoni, Tomondo, Kinuni, Mwera na Bububu, wakanunua vipande vilivyokatwa kwenye mashamba, pamoja na yale ya eka tatu waliyogawiwa wakulima baada ya Mapinduzi ya 1964. Eka hizo zilikusudiwa kulimwa, na leo nyingi ni mitaa. Minazi imeanguka, njia za maji ya mvua zimejengewa misingi, na masika yakija nyumba zinaogelea. Watu wa Mwanakwerekwe wanakumbuka miaka ambayo barabara yao ilifunikwa na ziwa. Kisiwa hiki hakina ardhi ya kuendelea kupanuka hivyo. Kujenga kwenda juu, karibu na kazi, masoko na skuli, ni jambo la busara, na mwandishi huyu analiunga mkono bila kigugumizi. Tofauti inaanza pale tunapouliza: kwenda juu na nani?

Swali hili limewahi kujibiwa mara moja katika mji huu, na jibu lake bado limesimama, limepakwa rangi, nguo zimeanikwa kwenye roshani zake. Mpango wa mji wa mwaka 1968, uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ulitaka majengo zaidi ya 200 yenye fleti karibu 7,000, na ili yapate nafasi, nyumba za Ng'ambo zivunjwe kwa maelfu. Rais wa wakati huo, Mzee Abeid Amani Karume, aliubeba mpango huo kama jambo lake mwenyewe. Alitaka mtu wa Ng'ambo, aliyedharauliwa na watu wa Mji Mkongwe, upande wa pili wa hori, aishi katika nyumba ya kisasa yenye umeme, choo cha ndani na bomba. Ujenzi ulikwenda kwa fedha za karafuu, kwa mafundi wa Kijerumani na kwa nguvu za kujitolea, ambazo si kila aliyezitoa alizitoa kwa hiari. Karume aliuawa Aprili 1972. Kasi ikapungua, na kufikia mwaka 1977 fleti zilizokamilika zilikuwa kiasi cha elfu moja. Majumba yale marefu yaliyokatana msalaba Michenzani ni sehemu ndogo tu ya kile kilichochorwa.

Yafaa kusema wazi kilichofaulu pale, maana siku hizi ni mtindo kuicheka Michenzani. Wengi wa waliovunjiwa vibanda vyao walipewa fleti, tena bila ya kulipa. Hawakupelekwa nje ya mji. Walibaki dakika chache kutoka Darajani, kwenye soko, hospitali na bandari. Nusu karne baadaye familia nyingi zingali pale, na hakuna sera ya makaazi iliyofuata inayoweza kujisifu kwa jambo hilo. Kilichoanguka ni kingine. Maji hayakupanda. Presha ya mfereji ilifika ghorofa za chini, juu ikawa ni ndoo na ngazi, na hakuna lifti. Kwa kuwa hakuna aliyelipa kodi, hakuna mfuko uliotengwa kwa matengenezo. Paa likivuja, anayevujiwa ni wa juu na wa chini hana habari. Wakazi wakajitengenezea wenyewe: nondo kwenye roshani, matangi, pampu ndogo, duka lililotobolewa kwenye ukuta wa chini. Jengo lilikuwa zuri siku ya kukabidhiwa. Hakuna aliyeandika nani atalitunza siku ya elfu tatu.

Wenye umri wa kukumbuka hayo hawahitaji mtaalamu wa kuwaeleza nini cha kuuliza wanaposikia habari za mji mpya. Kwa hiyo mtu wa Kwahani anapouliza kuhusu pampu, anasema kwa ushahidi.

Hati nayo ni suala zito kuliko linavyoonekana ofisini, na hapa inabidi tuingie ndani ya nyumba yenyewe. Nyumba ya Ng'ambo ina baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba huku na huku, na uani kuna jiko, choo na pengine banda la ziada. Mchoraji ramani akiitazama kutoka juu anaona paa moja la bati lililochakaa. Ndani ya paa hilo mna bibi mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba viwili, kijana aliyetoka Pemba na mkewe katika chumba kimoja, mtoto wa kike aliyeachika akarudi kwao, na asubuhi pale barazani kuna meza ya mandazi au sufuria ya urojo inayosomesha watoto. Nyumba hiyo ni makaazi, ni pensheni na ni duka kwa wakati mmoja. Fleti ya vyumba viwili ghorofa ya nne inatoa makaazi tu. Haina chumba cha kupangisha wala haina barabara mlangoni. Ukimlipa yule bibi fleti kwa nyumba, kwenye karatasi umemlipa sawa sawa, ilhali mapato yake ya mwezi umeyafuta.

Halafu kuna mirathi. Nyumba nyingi za Ng'ambo hazina mmiliki mmoja; zina marehemu mmoja na warithi wengi. Babu alijenga, akafa, akaacha watoto saba, wawili nao wamekufa wakaacha watoto wao. Mafungu hayakugawiwa rasmi kwa sababu hakuna aliyetaka kuuza. Kila mmoja anajua chumba chake, na utaratibu huo wa mdomo umedumu miongo. Anapokuja afisa na fomu yenye nafasi ya jina moja, amani ya miaka 40 inavunjika kwa siku moja. Kaka mkubwa anatia saini kwa niaba ya wote, fleti inatoka kwa jina lake, na dada aliyekuwa na fungu lake kisheria anajikuta mgeni kwa nduguye. Kesi za namna hii haziletwi na ghorofa. Zinaletwa na fomu. Ni jambo linaloweza kuzuilika iwapo Mahakama ya Kadhi na sheha wangeshirikishwa kabla ya tingatinga kuwashwa, na si baada.

Kuhusu ardhi yenyewe, Ng'ambo ina historia ndefu ya kuwa na nyumba pasi na kiwanja. Mwaka 1928 wakazi wake waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja: kibanda kilikuwa chao, mchanga uliokuwa chini yake ni wa mwingine. Mapinduzi yakaifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, na Sheria ya Umilikaji Ardhi ya mwaka 1992 ikaendeleza msingi huo. Raia anapewa haki ya matumizi. Msingi huu umewalinda wengi dhidi ya kufukuzwa na mwenye kiwanja. Lakini wakati wa fidia unageuka upande wa pili. Kinachohesabiwa kwa kawaida ni jengo na vipando, yaani matofali, bati, mwembe na mnazi. Mahali penyewe hapahesabiwi, ingawa ndipo anapopalipia mwekezaji. Nyumba ya udongo na chokaa iliyo hatua mia tatu kutoka Michenzani inathaminiwa karibu sawa na iliyoko shamba, na fidia ya namna hiyo inampeleka mwenyewe shamba kweli.

Ndiyo maana neno linalorudiwa sana ni kurudi. Tutarudi? Kwahani, kama ilivyotangazwa, wanaohama kupisha majengo wanahama kwa ahadi ya kurejea. Ahadi ni njema. Tatizo la ahadi za namna hii ni muda, na mfano uko ng'ambo ya bahari tu, Dar es Salaam. Wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, waliondolewa katika nyumba za zamani mwanzoni mwa muongo wa 2010. Majengo mapya yalizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022. Kwa miaka karibu 10 watu waliishi kwa kupanga hapa na pale; wazee wengine hawakuuona mlango mpya. Tena Magomeni ni kisa kilichoisha kwa watu kurudi, kwa sababu wakazi walikuwa na orodha yao, walijuana kwa majina, na hawakunyamaza. Huko Mombasa, mradi wa Buxton ulizua mvutano wa aina hiyo hiyo mahakamani na mitaani: nyumba kuukuu za serikali ya kaunti zilibomolewa kupisha fleti nyingi zaidi, na mjadala mkubwa ukawa kama mpangaji wa zamani ataimudu bei mpya.

Na mpangaji ndiye anayesahaulika kuliko wote. Mwenye nyumba ana angalau kitu cha kupigania. Aliyepanga chumba hana karatasi. Mkataba wake ni salamu na noti za kila mwezi. Nyumba ikivunjwa, hayumo kwenye hesabu ya fidia wala kwenye orodha ya kurejea. Yeye ndiye mpika hotelini, mchukuzi wa Darajani, mshona nguo, mfagiaji. Mji unaokwenda juu bila ya kumweka humo unamsukuma Kinuni na Fuoni, kwenye yale mashamba yaliyokwisha katwa, na hivyo unazidisha ugonjwa ule ule uliodai kuutibu.

Fumba ni habari nyingine, na si haki kuichanganya na Kwahani. Rasi ile ina mawe ya matumbawe na udongo haba, na ilitengwa kuwa eneo la uwekezaji tangu miaka ya 1990. Mji wa Fumba unaojengwa na kampuni ya CPS, na miradi jirani ukiwemo ule wa kundi la Bakhresa, haikusimama juu ya vitongoji vilivyojaa watu kama Ng'ambo. Imeleta kazi, barabara na namna ya upangaji ambayo mji wetu umeikosa kwa miongo: mitaro, miti, njia za waenda kwa miguu. Kwa hayo wanastahili sifa. Lakini lisidaiwe kwamba miradi hii inapunguza uhaba wa nyumba kwa wananchi. Hesabu ni fupi. Kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi kilichowekwa mwaka 2024 ni shilingi 347,000 kwa mwezi. Nyumba ya dola 100,000, kiwango ambacho kinamfungulia mnunuzi mgeni mlango wa kibali cha ukaazi, ni shilingi milioni 250 ukiihesabu dola kwa shilingi 2,500. Mfanyakazi wa kima cha chini akiweka mshahara wake wote, asile wala asivae, ataifikia baada ya miaka 60. Mwaka 2022 picha za mnara wa ghorofa 28 uliopangwa kujengwa Fumba kwa mbao zilitangazwa Muscat, na hilo peke yake linaeleza mnunuzi anatafutwa wapi.

Wasiwasi wa vijiji vya Nyamanzi, Bweleo, Dimani na Fumba kwa hiyo hauhusu kuvunjiwa. Unahusu njia. Wanawake wanaolima mwani na kuokota chaza wanataka kujua kama mapito yao ya kwenda pwani yatabaki wazi baada ya ukuta kujengwa. Wavuvi wanauliza diko lao litaishia wapi. Vijana wanauliza kama kazi itakuwa ya fundi au ya mlinzi tu. Na wenye kupanga Mbweni, Mazizini na Kiembesamaki wanaona namna kodi inavyotajwa kwa dola, kwa kuwa mwenye nyumba amejifunza kujilinganisha na jirani mpya.

Chini ya yote haya kuna maji, na hapa ndipo ninapoona wakazi wana hoja isiyojibika kwa maneno matamu. Unguja haina mto wa kutegemea. Tangu Sultani Barghash alete maji ya bomba kutoka chemchemi za Bububu karne ya 19, mji unakunywa chemchemi na visima. Mabomba ya maji machafu yapo katika eneo dogo, na mengi ya hayo yanaishia baharini. Mitaa iliyobaki inatumia karo. Ardhi yetu, hasa kwenye matumbawe, inapitisha maji upesi, kwa hiyo kinachoshuka kutoka kwenye karo hakikawii kuwasili kisimani. Visima vya karibu na pwani vikivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia. Unapoweka kaya 100 pale zilipokuwa 10, unazidisha kinachovutwa na kinachomwagwa kwa pamoja, katika ardhi ile ile. Mradi wenye mtambo wake wa kusafisha maji machafu unaweza kulibeba hilo. Usiokuwa nao unampelekea jirani bili yake.

Umeme nao usisahaulike. Kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa gizani baada ya hitilafu ya njia ya umeme inayotoka bara, ambayo waya wake wa baharini unatua hapo hapo Ras Fumba. Waya mkubwa zaidi umeshawekwa tangu wakati huo. Hata hivyo miezi ile mitatu ilifundisha jambo moja ambalo halibadiliki: katika nyumba ya chini umeme ukizimika unakosa taa, katika ghorofa ya sita unakosa taa, maji na choo. Lifti ikisimama, mzee amefungwa ndani. Na mtu akifa huko juu, jeneza litashushwa kwa ngazi ya upana gani? Wachoraji wengi hawakuwahi kuulizwa swali hilo, ingawa katika mji wa Kiislamu maiti huoshwa nyumbani na kutolewa kwa mabega. Vilevile harusi, khitma na maulidi vinataka uwanja wa kutandika mikeka na pahala pa kuwasha kuni za sufuria la pilau. Ukichora maegesho ya magari pande zote, umeufuta ukumbi wa mtaa.

Haya yote hayahitaji utafiti mpya. Mji huu umechorewa mipango tangu ule wa Lanchester wa 1923, ukafuata wa 1958, wa Wajerumani wa 1968 na wa Wachina wa 1982, na hakuna uliotekelezwa wote. Kisha katika miaka ya 2010 idara ya mipango miji, pamoja na wataalamu wa Uholanzi, iliendesha kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo. Safari hii wakazi waliulizwa. Zikaorodheshwa baraza, misikiti, sinema za zamani, viwanja vya mpira, klabu za taarabu, na mwaka 2019 kikatoka kitabu kikubwa cha ramani za Ng'ambo. Serikali, basi, inayo mikononi ramani ya kile ambacho wananchi hawataki kipotee. Inayo pia Sheria ya Mazingira ya 2015 inayodai tathmini kabla ya mradi mkubwa, na Sheria ya Kondominio ya 2010 inayoeleza namna wenye fleti watakavyoliendesha jengo lao kwa pamoja. Pengo liko kwenye kusomeka: tathmini nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, kurasa kwa mamia, kisha mwananchi anaitwa mkutanoni kwa taarifa ya saa mbili tu na kuulizwa kama ana maoni.

Ikiwa Serikali inataka ghorofa zipande bila ugomvi, bei yake si kubwa. Orodha ya wanaohama ibandikwe kwenye ofisi ya sheha, wapangaji wakiwemo, kila mmoja aione na aipinge kama ina kosa. Mafungu ya mirathi yaamuliwe kabla ya kuvunja. Ghorofa za chini wapewe wazee na wenye biashara za mlangoni. Fedha za kodi ya muda ziendelee kulipwa hadi siku ya ufunguo, mradi ukichelewa mwaka au mitano. Ada ya matengenezo ijulikane tangu mwanzo, ndogo lakini ya lazima, ili kisa cha Michenzani kisirudiwe. Na sehemu ya mapato yanayotokana na kukodisha ardhi ya Fumba kwa miaka 99 itengwe kwa nyumba za watu wa kima cha chini, kwa sheria na si kwa hotuba.

Kwa wakazi wa mitaa ambayo zamu yake haijafika, bado kuna muda. Andikeni majina ya wote wanaolala chini ya kila paa, warithi na wapangaji, na nakala iwe kwa sheha na kwa wakili. Na siku fomu ikija, asitie saini mtu yeyote karatasi isiyotaja jina lake, ukubwa wa fleti, ghorofa yake na tarehe ya kurudi.